Mwanangu, ile jinzi sikuitupa

Mwanangu,

Huku salama, mama yako mzima, mguu umepoa na anakusalimu. Umeme umekatika tangu magharibi ndo maana naandika badala ya kushona, na simu ina chaji asilimia 19, kwahiyo ukiona nimekatisha ujue imezima ntamalizia kesho.

Ile jinzi uliyoacha nyuma ya mlango ukasema baba tupa tu goti limeisha, sikuitupa. Ipo kwenye mzigo nnaokutumia, ila kabla hujaifungua nataka ujue imepitia nini, maana nakujua, utasema nimempa fundi mwingine.

Unakumbuka nilivyokuwa nakufokea na katuni zako za Kijapani, bando la wiki linaisha Jumatano, na yale makorongo ya karatasi ulikuwa unayakunja mpaka meza yangu yote ndege watupu, na karatasi zenyewe ndo nilizoweka za kukatia patani. Kwa katuni bado sijabadilika, naona watu wana macho makubwa wanapiga kelele tu. Lakini ni wewe uliyeniwekea ile video ya bibi anashona sashiko, ule mshono wa mkono wa Kijapani, mi nikakaa kimya ukadhani sijapenda. Mama, nilikuwa nimeshangaa! Ile ni bandi. Bandi hii hii nnayopiga kushika kitambaa kabla ya kukipitisha kwenye cherehani, nikishamaliza naing'oa natupa chini. Miaka 26 nang'oa bandi nazifagia na vumbi, kumbe kuna watu kwao bandi ndo nguo yenyewe.

Tangu siku ile ikawa kila usiku mimi na simu, mama yako akaanza kuniuliza naongea na nani.

Sasa nikuhadithie, maana ulinionyesha mwanzo tu. Kaskazini mwa Japani, kule Tohoku, ni baridi na theluji, pamba haioti. Watu walikuwa wanavaa nguo za katani, sio mkonge wetu huu wa Tanga, ni ule mmea wa ukoo mmoja na bangi (usicheke), na kitambaa chake kina matundu upepo unapita tu. Halafu wakulima wa Tsugaru, ndo Aomori ya leo, watawala wakawakataza kuvaa nguo za pamba. Wanawake wakafanyaje, wakawa wanachukua uzi wa pamba wanajaza yale matundu, mstari kwa mstari, umebanana, mpaka nguo inakuwa nzito inashika joto. Ikichanika wanatia kiraka, kikichanika kiraka wanatia kingine juu yake, mpaka nguo ya kwanza huijui iko wapi. Nguo za viraka hivyo wanaziita boro, na siku hizi watu wenye hela wanazinunua wanaziangika ukutani. Hapo mi huwa nakwazika kidogo, yule aliyevaa alikuwa anatetemeka na baridi, hakuwa anapamba. Lakini kazi ni kazi, ukiiangalia kwa macho ya fundi unavua kofia.

Kilichonimaliza kabisa ni wazima moto wa Edo, ndo Tokyo ya zamani. Makoti yao yalikuwa tabaka juu ya tabaka zimeshikwa kwa sashiko, wanayalowesha maji kwanza ndo wanaingia kwenye moto. Nje koti la kawaida tu, ila bitana sasa! Ndani wamechora majoka na mashujaa, moto ukizimwa wanaligeuza bitana linakuja nje wanapita nalo mtaani. Mi nimeshona bitana maisha yangu yote, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuigeuza akaitazama.

Basi nikaanza. Cha kwanza nilichoshona ulikiona, ndo kile ulichokiposti ukaandika "kazi ya baba", nami nikajiona bingwa, laiki zinaingia. Akatokea yule mtu wa Japani ukanitafsiria alichoandika, kwa adabu sana, kwamba mistari imenyooka vizuri ila kitambaa kinalia. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakigeuza nikatazama nyuma, kweli, nilikuwa nakaza uzi kila kona kama nafunga gunia la mkaa, kitambaa kimejikunja chote kama uso wa mzee. Mkono wa cherehani huo, umezoea kukaza. Sashiko unaacha uzi ulegee kidogo kwenye kona kwa nyuma, na ukishavuta unakipapasa kitambaa kwa vidole mpaka kitulie. Punto, yaani kila hatua ya sindano, ziwe kama punje ya mchele, ya juu inazidi kidogo ya chini. Na pale mistari inapokutana katikati usipitishe uzi, acha uwazi, la sivyo nyuzi zinarundikana panakuwa na kinundu.

Kwenye goti lako nimeweka asanoha, lile ua la jani la katani, lina ncha sita. Nimelichora kwa chaki na rula, chaki ikawa inafutika kila nikishika, nikachora mara nne. Wenyewe wanaliweka kwenye nguo za watoto kwa sababu huo mmea unakua haraka na umenyooka. Najua una miaka 20, nimeweka hivyo hivyo. Uzi ni ule mweupe wa kutarizia kofia, wa kwao sijaupata hapa mjini, na sindano ndefu ni ya fundi magodoro, nimeazima. Subana yangu ya kuvaa kidoleni haifai kabisa, wao wanasukumia na kiganja, kwahiyo kiganja changu sasa hivi kina tundu.

Kuhusu kuposti. Endelea, sikukatazi, ila nakuomba uandike jina lake, sashiko, na uandike inatoka Japani. Kuna mwenzangu hapa soko la nguo ameanza kuniambia niiite mtindo wangu mpya niuzie watalii. Siwezi. Ingekuwa mtu wa Osaka anashona kofia yetu ya viua anasema kaibuni yeye, si tungeandamana. Na hizo kofia nazo ziposti, shangazi yako anatoboa vile vitundu kimoja kimoja anavizungushia uzi, miezi inapita kofia moja haijaisha, hao Wajapani wako wazione. Ila wanaouliza bei halafu wanasema "viraka tu hela yote hiyo" usiwajibu, wala usibishane nao, unamaliza bando bure.

Na usidhani mapenzi ya vitu vya kule yameanza na wewe. Marehemu bibi yako alikuwa na kanga kaiweka sandukuni ya harusi tu, ukimuuliza anakwambia hii ya Japani haichuji. Nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe kweli, viwanda vya kule vilikuwa vinachapa kanga za kuletwa huku, na Kiswahili chake kwenye jina, kabla kiwanda cha nguo cha Urafiki hakijafunguliwa pale Dar mwaka 1968.

Halafu kile kitambaa cha kufungia mizigo ulichonielekeza, furoshiki. Nimecheka peke yangu usiku mama yako akaamka. Furoshiki, furushi! Lao limetoka kwenye kuoga eti, furo ni bafu, shiki kutandika, watu walikuwa wanafungia nguo zao wakienda kuoga. Letu limetoka kivyake, ila ukiniambia funga furushi nakufungia vilevile, ncha mbili ndani, mbili juu, fundo linageuka mpini.

Ndivyo nilivyofunga mzigo wako. Upo kwenye basi la kesho la saa 12 asubuhi, nenda stendi na kitambulisho, mwambie konda furushi la fundi. Jinzi usiifue na brashi pale gotini, na ukiona uzi umelegea kwa nyuma usiuvute, nimeuacha makusudi.

Kanga niliyofungia ni ya mama yako, hajui. Irudishe haraka kabla hajaanza kuitafuta pea yake.

Baba yako