Anayetoa kipande cha ini naye aulizwe

Mhariri,

Hapa Lamu, kila panapochangishwa fedha za mgonjwa wa ini anayepelekwa India kupandikizwa ini la ndugu yake, swali la barazani huwa lile lile: huyo ndugu anayetoa ini atabaki na nini? Atabaki na ini. Hukatwa kipande tu, na kilichosalia hukua tena karibu kufikia ukubwa wake wa awali katika miezi michache.

La kuuliza ni kipande kipi, na kwa njia gani. Mtoto hutosheka na kipande kidogo cha kushoto, takriban humusi ya ini. Mtu mzima mara nyingi huhitaji upande wa kulia, ambao ni zaidi ya nusu, na hapo ndipo hatari kwa mtoaji huzidi. Madaktari hutaka abakiwe na angalau asilimia 30 hivi.

Njia ya kawaida ni mkato mrefu chini ya mbavu. Mwaka 2002, daktari mpasuaji Daniel Cherqui na wenzake wa Ufaransa walieleza jinsi ya kumtoa mtoaji kipande cha ini cha kupewa mtoto kwa kamera na matundu madogo. Kipande hupitishwa kwenye mkato mfupi chini ya tumbo. Maumivu hupungua, lakini kazi hii yataka mikono iliyozoea. Mimi ningechagua kovu refu la bingwa kuliko matundu ya anayejifunza.

Kamati za harambee zimtengee mtoaji fungu lake. Baharia aliyepasuliwa tumbo hawezi kuvuta tanga kwa majuma kadhaa, na wanawe wanakula kila siku.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu