Kanuni za askari wako

Sinza, Dar es Salaam

Mwanangu Salma,

Nimezisoma kurasa za hadithi yako. Ufalme wa mlimani umenoga, na wale mafahali wenye mabawa nimewapenda. Zilizonikwaza ni kanuni za askari wako. "Uwe jasiri. Uwe mwaminifu." Hizo ni dua, mwanangu. Kanuni ya jeshi ni ile ambayo mtu akiivunja usiku, asubuhi inajulikana.

Tazama Warumi, kama alivyowaeleza Mgiriki Polybius, karne ya 2 KK. Usiku ulikuwa na zamu nne, na mlinzi alipewa kibao kidogo chenye alama. Mpanda farasi alizunguka malindo akiwa na mashahidi. Akimkuta mlinzi yuko macho, anachukua kibao. Akimkuta amelala, anawaonyesha mashahidi, anapita zake. Kukikucha vibao vinahesabiwa. Kikipungua kimoja, alama zinasema ni lindo gani. Mkaguzi naye hakuponea hapo: akikosa mashahidi, kosa linamrudia. Aliyelala alipigwa marungu na mawe na wenzake wa kambi, kwani roho zao ndizo alizozilalia. Ukitaka kuazima mpango huu, kibao kiwe hata ganda la konokono, mradi kihesabike.

Kanuni nyingine itoke tumboni. Kwa mila, morani wa Kimaasai hali chakula peke yake. Hata maziwa anakunywa na wenzake wa rika. Maana yake njaa inamrudisha kwa mwenzake kila siku, wawe wamegombana au la. Hapo una sura nzima: vijana wawili wasiosemeshana, kibuyu kimoja, mvua inanyesha.

Adhabu zako sasa. Makosa kumi na mawili, yote kifo! Mwaka 209 KK huko China, Chen Sheng na Wu Guang walikuwa safarini na watu 900 kwenda kulinda mpaka, mvua ikafunga njia. Inasimuliwa kwamba waliona kuchelewa ni kifo, na kuasi ni kifo. Wakaasi. Askari wako nao watafanya hesabu hiyohiyo, au watafichiana makosa. Weka ngazi. Warumi walikuwa hata na adhabu ya kulishwa shayiri badala ya ngano. Mwenye kosa anatafuna aibu yake mbele ya watu.

Kanuni ya saba, ya kutolia, ifute tu. Doa la ukurasa wa mwisho ni chai, nisamehe.

Mama yako