Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upelelezi: daktari aione maiti kabla haijaondolewa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu maiti kuondolewa eneo la tukio kabla daktari bingwa wa uchunguzi wa vifo hajaiona ilivyolala.

Mtu anapokutwa amefariki chumbani, na damu imetapakaa kuanzia kitandani hadi bafuni, mpelelezi hufikiria panga kabla ya kufikiria ini. Hata hivyo, mgonjwa wa ini aliyepasukiwa na mishipa iliyovimba kwenye umio anaweza kutapika damu nyingi huku akitembea kutafuta msaada, na mwenye mishipa iliyovimba miguuni anaweza kuvuja damu hadi kufa kupitia kitundu kidogo mno. Daktari hukitafuta kitundu hicho, ilhali asiyekijua huanza kutafuta mtuhumiwa.

Madoa ya ngozi nayo hupotosha. Moyo ukishasimama, damu hutuama sehemu za chini za mwili na kuleta rangi ya zambarau ambayo wengi huidhania kuwa alama za kipigo. Saa za mwanzo, ukibonyeza doa kwa kidole, rangi hupauka. Baada ya takriban saa 8 hadi 12, kwa kawaida haihami tena. Kwa hiyo maiti iliyokutwa kifudifudi, huku madoa yake yakiwa yamekazana mgongoni, inatueleza kwamba kuna aliyeigeuza, na habari hiyo hupotea pale inapobebwa chali hadi mochwari bila yeyote kuandika ilivyokutwa. Vivyo hivyo hupotosha maji mekundu yanayotoka puani mwili unapoanza kuharibika, ambayo mashuhuda hawakawii kuyaita sumu.

Upotoshaji huu haumtii hatiani asiye na kosa tu. Aliyezibwa pumzi kwa mto anaweza asiwe na alama yoyote ya nje, kitanda kikatandikwa, na kifo kikaandikwa kuwa cha kawaida. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kutisha zaidi.

Ninafahamu kwamba wataalamu hawa ni wachache. Naomba basi uagize kwamba asipoweza kufika, daktari apigiwe simu na kutumiwa picha kabla mwili haujaguswa. Mkao wa mwili, rangi ya madoa na joto la chumba viandikwe palepale. Na msemaji wa polisi asitangaze chanzo cha kifo kabla ripoti ya uchunguzi wa maiti haijatoka.

Wako,
Mwananchi