Salamu za Shukrani kutoka Familia ya Mzee Wetu, Reykjavik

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Familia ya marehemu baba yetu, aliyezikwa makaburi ya Gufunes mjini Reykjavik, inawashukuru ndugu, jamaa na majirani mliokuwa nasi tangu alipolazwa hadi tulipomzika. Hatuwezi kumfikia kila mmoja. Mliomkosha marehemu, mliochangia nauli ya mama kutoka Tanga, na nyinyi majirani wa Kiaisilandi mlioacha sufuria za supu ya samaki mlangoni bila hata kubisha hodi: ahsanteni sana. Wauguzi nao, kwa kumwachia mechi kwenye runinga hata baada ya muda wa kutazama wagonjwa kwisha.

Kwa namna ya pekee, vijana wa mpira wa mikono wa ule ukumbi alioufanyia usafi miaka kumi na tisa. Mlijipanga hadi barabarani. Wengi wenu aliwagombeza kwa ajili ya ulimbo, ile gundi mnayopaka vidoleni ili mpira ushike, halafu tunaikuta kwenye vitasa, swichi na sakafu. Aliutoa kwa mafuta ya kupikia, akinung'unika kwa Kiswahili, kisha jioni anakaa jukwaani kuwatazama.

Mliotuuliza msibani aliupendaje mchezo ule, jibu ni Ólafur Stefánsson, mchezaji wa mpira wa mikono wa Aisilandi. Baba alikuwa wa shoto, na utotoni alichapwa sana kwa mkono huo. Akaja kufika nchi ambayo shujaa wake anafunga kwa shoto! Maisha ya mchezaji yule aliyajua kama nasaba ya ukoo: alivyotoka klabu ya Valur ya hapa Reykjavik akaenda Ujerumani, klabu za Wuppertal kisha Magdeburg, akatwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya 2002, alivyohamia Ciudad Real ya Hispania akaitwaa tena 2006, 2008 na 2009. Hata jina alitufafanulia: Stefánsson ni bin Stefán, kama sisi tu.

Baba akifika kwenye kisa cha Olimpiki ya Beijing 2008, chai inapoa. Nusu fainali, Aisilandi 36, Hispania 30. Fainali walifungwa na Ufaransa 28 kwa 23, lakini ole wako useme walishindwa mbele yake. Nchi ya watu laki tatu na ushee, atakwambia, na medali ya fedha ya Olimpiki ilikuwa haijaiona tangu ile ya kuruka hatua tatu, Melbourne 1956. Shaba ya Ulaya ya 2010 aliitaja kwa haraka, kama mtu anayekaribisha kitafunio.

Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani Tanga, Ijumaa baada ya alasiri, in shaa Allah. Mlioko Reykjavik, karibuni kwetu siku hiyohiyo. Ule mpira mliotuletea wenye saini zenu tumeuweka kabatini. Mama alijaribu kuupangusa kwa kitambaa, na kitambaa kikanasa.