Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: MV Bukoba, miaka 30 bila orodha

Mheshimiwa Waziri,

Mei 21, 2026 inatimia miaka 30 tangu MV Bukoba ipinduke Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Ratiba ya makaburini Igoma inajulikana: dua, sala, mashada, hotuba. Hatuna ugomvi nayo. Tunachouliza ni hiki: tunawakumbuka watu wangapi? Mmoja anataja mia nane na ushee, mwingine karibu elfu, na hakuna wa kumsahihisha mwenzake.

Sababu ilianzia gatini. Meli iliruhusiwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu, walikojazana wengi, halikuwa na orodha kabisa. Aliyekata tiketi ya bei ya chini alizama bila jina lake kuandikwa popote.

Ombi la kwanza, basi, ni majina. Watendaji wa vijiji na mitaa ya Kagera, Mwanza na Geita wapewe fomu moja ya kujaza na familia: jina la marehemu, umri wa wakati ule, alikopandia, mwili ulipatikana au la. Fomu zikutanishwe na kumbukumbu za maziko ya Igoma, maana mtu mmoja ataandikishwa na ndugu wawili wa vijiji viwili, na mtoto mchanga atasahaulika. Kazi hii ifanyike wazazi na wajane wa 1996 wangali hai.

La pili ni walio hai. Orodha ya abiria isichapwe kutoka kwenye mauzo ya tiketi, kwani tiketi haionyeshi mtoto aliyebebwa, mpagazi aliyepitiliza wala aliyelipia ndani. Kila ngazi ya kupandia iwe na wahesabuji wawili wenye vihesabio vya mkono, mmoja chini na mwingine sitahani, wasioonana. Namba zao zikipishana, kamba zisifunguliwe. Nakala ya orodha ibaki gatini kabla meli haijaondoka, yenye jina, umri na simu ya ndugu aliyeko nchi kavu. Na ihesabiwe upya kila bandari inayopitiwa. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Septemba 20, 2018 karibu na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, kilikuwa cha abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Siku ya gulio inajulikana tangu mwaka unaanza, kwa hiyo safari ya ziada hupangwa mapema. Haitafutwi watu wakiwa wameshajaa gatini.

Kuhesabu vichwa pekee hakutoshi, Mheshimiwa. Meli yenye idadi halali nayo hupinduka ikiwa mzigo umekaa juu: mikungu ya ndizi sitahani, ngama, yaani tumbo la meli, tupu chini. Kuna kipimo kisichohitaji zaidi ya saa ya mkononi. Mzigo ukishapakiwa, kamba zilegezwe, maji yakiwa shwari na yenye kina cha kutosha chini ya mkuku, uti wa chini wa meli. Mabaharia watembee pamoja ubavu hadi ubavu mpaka meli ianze kuyumba, kisha wasimame. Pima sekunde za kuyumba kamili, kulia hadi kushoto na kurudi kulia, mara tano, utafute wastani. Chukua upana wa meli kwa mita, zidisha kwa 0.8, gawanya kwa sekunde hizo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hiyo ndiyo GM, kipimo cha uwezo wa meli kujiinua inapolala, kwa makadirio. Meli ya upana wa mita 10 inayoyumba kwa sekunde 10 ina GM ya mita 0.64. Ikitumia sekunde 16, imebaki na 0.25. Abiria husifu meli ya namna hii kwamba ni tulivu, haitikisi. Ndiyo ya kuogopa.

Tuseme kila moja ya meli hizo mbili ina uzito wa tani 500 na abiria 100 wa kilo 75 wamehama mita nne kwenda ubavu mmoja, kama wafanyavyo wakiona gati. Meli ya kwanza, ya sekunde 10, italala nyuzi 5 hivi. Ya pili itapita 13, wakati kanuni za kimataifa zinataka msongamano wa abiria usiilaze meli zaidi ya nyuzi 10. Tangi la farumi, maji ya kuipa meli uzito chini, lililojaa nusu huzidisha balaa, maji hukimbilia upande ulioinama. Lijazwe pomoni au liwe tupu.

La mwisho ni uokoaji. MV Bukoba ilipopinduka ilibaki ikielea, ndani mkiwa na watu hai. Tumbo lake likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiibeba ikatoka, ikazama. Waliotoboa walikuwa na nia njema na hawakuwa na mwongozo. Meli iliyopinduka kwanza ifungwe maboya makubwa au ishikiliwe na vyombo pande zote mbili, kompresa iingize hewa, watu watafutwe kwa kugonga bati na kusikiliza, kisha wazamiaji waingie kwa chini. Msumeno wa moto uje baada ya hapo, kama bado unahitajika. Kwenye MV Nyerere wazamiaji walimtoa mtu akiwa hai siku mbili baada ya ajali. Mwongozo wa kurasa mbili ubandikwe kila bandari, pamoja na mahali kompresa na maboya yalipo na jina la mwenye funguo usiku.

Tunaomba majibu kabla ya Mei 21, na siku hiyo, baada ya Igoma, kipimo cha saa kifanyike bandari ya Mwanza Kusini mbele ya wananchi, kwa meli yoyote itakayokuwa imepakiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mabaharia na mafundi wa meli, Kanda ya Ziwa