Barua ya wazi kwa wahadhiri wa uhandisi

Wanangu,

Juzi nilialikwa kusikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakitetea miradi yao, nikaondoka na uchungu ambao haujaniisha. Binti mmoja mwenye usonji, hali ya kuzaliwa inayoufanya ubongo upokee mambo na watu kwa namna tofauti, alisimama mbele ya jopo akizungusha nati mkononi, macho kwenye mchoro wake wa fremu ya chuma. Alieleza kwa nini nguzo moja nyembamba ingejikunja kabla chuma chenyewe hakijafika kikomo cha nguvu yake. Hakuna mwenzake aliyeligusa jambo hilo. Kisha mkamrushia maswali watu watatu kwa mpigo. Akanyamaza. Mmoja wenu akasema kwa sauti, "Mhandisi gani huyu asiyeweza kumtazama mtu usoni?" Alama zikakatwa, sababu ikaandikwa: hajiamini.

Mlikuwa mnapima fremu au macho? Mngemuuliza swali moja moja, kwa maandishi, mkamwacha afikiri kidogo, mngepata majibu. Msiniambie huo ni upendeleo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 24, unadai marekebisho yanayofaa hata katika elimu ya juu. Temple Grandin, mwenye usonji, amesanifu mifumo ya kuhudumia ng'ombe inayotumika sana Marekani, na husema yeye hufikiri kwa picha. Jopo lenu lingempa ngapi?

Mengine mnayajua, ila hamyatendi. Maelekezo ya maabara yaandikwe, yasitamkwe mara moja huku mashine zinanguruma. Taa inayopepesa ibadilishwe. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, aongezewe muda wa mtihani. Anayehangaika kutuliza umakini, mradi wake mrefu ukatwe vipande, kila kipande na tarehe yake. Makundi yapangeni nyinyi, maana wanafunzi wakichaguana, kuna mmoja hubaki peke yake kila muhula.

Na msisubiri cheti cha daktari ndipo muwe na utu. Sisi jamii tumewaita watoto hawa wakaidi, wavivu, wenye kiburi, tangu darasa la kwanza. Wengi wanafika kwenu hawajawahi kupimwa, wamechoka kwa kujificha, na bado wanazipenda hesabu zenu. Wapokeeni, wanangu.

Matokeo ya binti yule bado hayajapitishwa. Jopo linaweza kukaa tena, likampa maswali kwa maandishi, likasahihisha alama zake. Fanyeni hivyo wiki hii.

Mzee wenu, mhadhiri mstaafu