Barua ya wazi kwa diwani wetu wa Toronto: tufungulie choo cha bustani

Mheshimiwa Diwani,

Salamu kutoka ghorofa ya 14. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Huduma ya simu ya jiji, namba 311, ina wakalimani wa lugha zaidi ya 180, kwa hiyo wa kukusomea hatakosekana. Tena nataka majirani zangu waisome kwanza, wanisahihishe nikiteleza.

Shida yetu ni choo.

Aprili iliyopita, Jumapili, jua lilitoka kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya koti na buti. Mtaa mzima ukamiminika kwenye kile kibustani cha nyuma ya maghorofa. Mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kunisaidia kulea, akatandika mkeka karibu na bembea na kumimina chai ya tangawizi. Hata kikombe hakijaisha, mwanangu wa miaka minne ameshaanza kubana miguu. Tukakimbilia choo. Mlango una kufuli, na kufuli lenyewe limeota kutu. Tukarudi nyumbani, lifti moja mbovu, nyingine imejaa. Hatukuwahi. Mtoto alilia kwa aibu mbele ya watu, nami nikamfunika kwa kanga ya bibi yake.

Ya mtoto yameshapita, suruali imefuliwa. Linaloniuma ni la mama. Siku hizi akijua tunakwenda bustanini hagusi chai tangu asubuhi. Mwanamke wa miaka sabini, magoti yamechoka, anakaa na kiu ili asije akaadhirika.

Najua mtakachosema: mabomba yanaganda. Ni kweli, vyoo vingi vya bustani hapa havikujengwa kustahimili baridi, hivyo maji hukatwa na milango hufungwa mpaka baridi iishe kabisa. Lakini vipo vingine katika jiji hili vinavyofunguliwa mwaka mzima, kwa hiyo ufundi upo. Swali langu ni nani anayechagua vyoo gani vifunguliwe, na kwa kigezo gani.

Jiji lina bustani zaidi ya 1,500. High Park peke yake ina hekta 161, na kila majira ya kuchipua watu hufurika kuangalia maua ya micheri ambayo miche yake ya kwanza ililetwa na watu wa Tokyo mwaka 1959. Sina wivu nayo, hata sisi huenda, mabasi mawili na treni. Ila mwenye nyumba yenye ua anaweza kuikosa bustani wiki nzima asione tofauti. Sisi wa maghorofani hatuna ua. Ukipita kwa gari utaona majani mengi mazuri chini ya haya majengo ya miaka ya sitini na sabini, udhani tumebarikiwa. Shuka usome kibao: hairuhusiwi kucheza mpira. Majani yale ni ya mwenye jengo. Ya kwetu ni kale kabustani tu, na familia mia kadhaa tunakagombania.

Na masharti yenu, Mheshimiwa! Pikiniki ya watu zaidi ya 25 lazima iwe na kibali. Kwetu watu 25 ni upande mmoja wa bibi harusi, tena kabla mashangazi hawajafika. Sikatai utaratibu, ila fomu zile mtu anahitaji mtoto wa chuo kikuu amjazie.

Usiniambie mtaa wa wapangaji hauwezi kutunza kitu. Nenda mtaa wa Thorncliffe Park hapa hapa Toronto, kwenye bustani ya R.V. Burgess. Kinamama wa pale, wengi wao wahamiaji kama sisi, walianza kwa kudai bembea na taka zizolewe. Hawakuishia hapo: wakaweka soko la Ijumaa, na tangu 2013 wana tanuri la tandoor ndani ya bustani ya umma, watu wanaoka mikate humo. Sisi hatujafika kwenye tanuri. Tunaomba choo kifunguliwe Aprili mosi hadi mwisho wa Novemba, bomba moja la maji ya kunywa, na benchi mbili kivulini kwa ajili ya wazee wasioweza kukaa chini. Choo kikubwa kikishindikana mwaka huu, leteni vya kuhamishika, visafishwe kila siku, wala si mara moja kwa wiki kama vile vya mafundi ujenzi.

Jumapili yoyote yenye jua, baada ya saa nane mchana, karibu uone mwenyewe. Mama utamkuta kwenye mkeka, upande wa ile bembea iliyokatika mnyororo. Kiingereza chake ni cha kuombea njia tu, lakini neno la choo analijua vizuri sana.

Mpangaji wako wa ghorofa ya 14